Mstari Mweupe wa Mama Rula

Ofisini walimwita Mama Rula, na hakuwa na kinyongo na jina hilo, maana alilitafuta kwa mikono yake mwenyewe. Rula ya chuma ya nusu mita alikuwa nayo tangu siku alipoajiriwa, akiwa binti mwembamba anayeogopa hata kuuliza choo kiko wapi, na kwa rula hiyo hiyo aliwahi kumchapa vidole mpima ardhi mmoja aliyeweka kikombe cha chai juu ya ramani. Mpima ardhi yule baadaye alipanda cheo, akawa mtu wa gari na dereva, lakini kila akiingia chumba cha wachoraji aliingia mikono ikiwa mfukoni.

Chumba hicho kilikuwa ghorofa ya pili ya idara ya mipango miji, upande usiopigwa na jua la mchana. Wachoraji wengine walikuwa wamehamia kwenye kompyuta zamani, na yeye pia alijifunza, kwa kununa. Lakini ramani za mitaa iliyoota yenyewe, ile ambayo watu walijenga kwanza na serikali ikafika baadaye, bado zilichorwa kwa mkono kwenye karatasi kubwa, na za mkono zote zilikuwa zake. Hakuna aliyethubutu kumgusia kuzigawa.

Sasa, jambo moja lazima lijulikane kuhusu idara ile. Karatasi ikikutwa na kosa baada ya kukabidhiwa, inagongwa muhuri mwekundu mgongoni, IMERUDISHWA, mchoraji anaandika kosa lake kwa mwandiko wake, anasaini, kisha inafungiwa kwenye kabati la chuma lililosimama koridoni. Wenyewe waliliita kabati la aibu. Kila mchoraji alikuwa na karatasi humo. Wengine walikuwa na rafu nzima. Mama Rula alifanya kazi miaka thelathini na moja na humo hakuwa na hata kipande. Alikuwa amebakiza wiki saba kustaafu, na asikudanganye mtu kwamba alikuwa halihesabu jambo hilo. Alilihesabu kila alipopita koridoni.

Mumewe alikuwa mtu wa mkokoteni. Sokoni wote walimjua kwa jina la Breki, kwa sababu ya kipande cha tairi kuukuu alichokifunga nyuma ya mkokoteni wake. Akifika kwenye mteremko huinua mikono ya mkokoteni, tairi linaburuta chini, na mzigo unashuka kwa adabu wakati wenzake wanakimbizwa na mizigo yao wenyewe huku wakipiga kelele watu wapishe.

Walikutana kwa ajili ya makabati. Idara iliagiza makabati matatu kutoka bohari ya chini, yakaletwa kwa mikokoteni mitatu. Wawili walipita barabara iliyonyooka, wakafika wameloa jasho hadi soksi, hawana hata nguvu ya kusalimia. Wa tatu akatokea baada ya dakika kumi, shati kavu, anapiga mluzi. Binti wa ramani akamuuliza amepita wapi. Alipoelezwa, akatoa ramani, akapima, akamwambia kwa ukali kidogo kwamba amezunguka mita mia nne za bure.

"Dada," yule kijana akasema, "hiyo karatasi yako ni tambarare. Mji una vilima."

Dada alikasirika siku nne. Siku ya tano akaanza kuchungulia dirishani kila akisikia magurudumu. Wakaoana, wakapata mapacha, mapacha wakakua wakaenda kutafuta maisha yao, na ule ubishi wa njia ipi fupi ukabaki nyumbani kama mtoto wa tatu. Walikuwa wakiubishania kwa raha. Wengine wana redio, wao walikuwa na huo.

Jumapili moja, baada ya chakula cha mchana, Mama Rula alifuta meza, akaifuta tena, akaitandaza nakala ya ramani aliyokuja nayo kutoka ofisini. Akaweka vikombe vinne kwenye pembe ili isijikunje. Nyumbani sheria ya vikombe haikuwepo.

"Hii ndiyo ya mwisho, Baba Mapacha," akasema. "Ipo mezani kwa mkuu, Jumatano anasaini. Ijumaa inaingia kwenye kikao. Baada ya hapo nafunga kalamu, tubaki mimi na wewe tunaangaliana."

"Tutachokana," Breki akasema, akavuta kiti.

Ramani hajui kuzisoma, au ndivyo alivyokuwa akisema siku zote, kwa hiyo mkewe akamwelekeza kwa kidole. Huu ndio mtaa wa bondeni. Hii barabara kubwa kule juu. Hapa, kwenye kiwanja hiki kitupu, ndipo itakapojengwa zahanati, ya kwanza katika mtaa ule. Na hii njia inayotoka barabarani ikateremka mpaka mlangoni itajengwa kwa mawe na ngazi chache, mgonjwa ashuke bila shida.

Breki akainama. "Njia ipi?"

"Hii."

"Mimi napita mtaa ule mara nne kwa wiki. Hapo hapana njia."

"Ipo. Nimeiona kwenye picha iliyopigwa kwa ndege. Mstari mweupe kabisa, kama umechorwa kwa chaki. Watu wakipita sana mahali, majani hufa, udongo ukabaki mtupu, kwa juu unaonekana mweupe. Nimewafundisha vijana wote wa pale hivyo."

"Na aliyepiga picha alimuuliza nani?"

"Alikuwa angani, Baba Mapacha. Angemuuliza ndege?"

Breki akacheka, lakini kidole chake hakikuondoka. "Na kiwanja hiki ni cha nani?"

"Si cha mtu. Ndiyo maana kikachaguliwa. Mpima ardhi alikwenda mwezi wa kiangazi, akakuta pakavu, pasafi, hapana hata banda la kuku."

"Mama Mapacha, mtaa ule watu wanagombania hadi upana wa dirisha. Jirani akijenga choo, mwenzake anatoka na kamba kupima. Kiwanja kizima kimekaa kitupu miaka yote hiyo, na wewe hukujiuliza?"

Kweli hakujiuliza. Ndicho kilichomuuma. Angekosea namba angesema samahani mambo yakaisha, lakini hapa mume wake, aliyekuwa bado ana mabaki ya chakula kwenye ndevu, alikuwa amemuuliza swali ambalo yeye alipaswa kulileta mezani miezi miwili iliyopita. Akaondoa vikombe kimoja kimoja, akaikunja nakala.

"Ungeachiwa wewe mji huu," akasema, "ungejenga hospitali juu ya mkokoteni."

"Angalau ingefika kwa mgonjwa."

Siku hiyo hawakuongea tena ila habari za sabuni na maji ya kuoga.

Jumatatu asubuhi Mama Rula aliomba ruhusa ya nusu siku. Karani wa masjala, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimtazama kama mtu anayeomba likizo ya kwenda mwezini, maana hakuwa na kumbukumbu ya ruhusa yake nyingine. Mama Rula akamkuta Breki kwenye bohari anafunga mifuko ya saruji. Hakumwambia amefuata nini, na Breki, aliyeishi na mwanamke huyu muda wa kutosha, hakumuuliza. Akasema tu, "Vaa viatu vya chini," akaona amekwisha vivaa, wakaondoka.

Walipita njia ya Breki, ile inayozunguka. Mama Rula alikuwa ameuchora mtaa huu nyumba kwa nyumba, angeweza kukutajia idadi ya mabati, lakini hakuwahi kuukanyaga. Alishangaa harufu. Alishangaa kwamba nyumba aliyoichora kama kisanduku cha milimita nne ilikuwa na mapazia ya maua na mtu ndani anayeimba. Akawa anatembea nyuma ya saruji huku akizitambua kona kabla hazijafika, na moyoni akafurahi kama anayekutana na watu aliokuwa akiwaandikia barua.

Kisha wakafika kwenye mstari mweupe.

Ulikuwapo, picha haikudanganya. Ulipita kati ya nyua mbili, umekunjika palepale alipoukunja yeye kwa kalamu. Lakini njia ya watu ina uchafu wake: maganda, vifuniko vya chupa, alama za visigino, kandambili iliyokatika. Hapa palikuwa na mchanga mtupu, laini, safi, umejipanga kwa mikunjo midogo midogo. Hakukuwa na unyayo hata mmoja. Kwenye waya wa uzio, usawa wa goti, mifuko ya nailoni na majani makavu vilikuwa vimenasa mstari mmoja, kuanzia juu hadi chini, kana kwamba mtu alipima.

Mama Rula aliinama, akashika mchanga, akauachia. Hakuhitaji kuambiwa.

"Mnatafuta nini, wageni?" sauti ikatoka barazani. Alikuwa fundi cherehani, mama mnene mwenye futi ya kupimia shingoni, na kizingiti cha mlango wake kilikuwa na matofali matano. Mtu alilazimika kupanda kama anaingia kwenye lori.

"Tunaangalia hii njia," Mama Rula akasema.

"Hii? Hii ina mwenyewe, shoga. Ni ya maji. Siku tatu nne kwa mwaka yanapita hapa, na yakija hayapigi hodi. Mwaka juzi yalibeba jiko la jirani yangu na sufuria juu yake. Tulilikuta kule chini, kwenye kile kiwanja."

"Kile kitupu?"

"Kitupu leo. Nenda siku ya mvua ukakione kilivyojaa."

Mama Rula akaketi kwenye matofali bila kukaribishwa. Alikuwa anamwona mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa akishuka ngazi za mawe, ngazi nzuri zilizochorwa kwa unadhifu na mtu asiyerudishiwa karatasi, na maji yanamfuata nyuma. Aliona aibu, aibu ya kweli ya kushika masikio. Breki alishusha mikono ya mkokoteni, akasimama karibu yake. Alikuwa na nafasi ya kusema nilikwambia, nafasi nzuri ambayo hakuipata mara nyingi katika ndoa ile, akaiacha ipite. Mama Rula alimpenda sana kwa hilo.

"Sasa zahanati ikae wapi?" akauliza mwishowe, zaidi akijiuliza mwenyewe.

"Iwe kule juu, pale tunapopakulia mizigo," Breki akasema. "Pana nafasi, na napaona pakavu mwaka mzima."

"Pale chini yake kuna bomba kuu la maji la mji. Hapajengwi kitu."

"Bomba?"

"Kubwa, mtoto anaingia amesimama. Unapita juu yake kila siku."

Breki akatazama juu mlimani kwa macho ya mtu aliyefichwa jambo na rafiki wa siku nyingi. Fundi cherehani akaangua kicheko, kisha akasema kama mnataka zahanati ya akina mama basi iwekwe kwenye safu ya nyumba zilizo juu ya machimbo ya kokoto, ndiko waliko wenye kuzaa.

"Umejuaje?" Mama Rula akauliza. Yeye alikuwa na takwimu za watu za mtaa mzima, na hazikusema hivyo. Lakini zilikuwa za miaka tisa iliyopita.

"Wajawazito wa huku mimi nawajua kabla ya waume zao. Wanaleta magauni niwatanulie kiunoni. Mwezi huu nimetanua kumi na moja, na tisa ni ya safu ile. Hawa wa bondeni wameshazeeka kama mimi, wanaleta mapazia."

Mama Rula akatoa daftari kwenye pochi, akaandika. Breki akaenda kushusha saruji yake.

Jumanne asubuhi, kabla hajavua koti, alibisha kwa mkuu wa idara. Mkuu alikuwa kijana msomi, mpole, mwenye umri wa mapacha wake, na ramani ilikuwa mbele yake tayari, kalamu pembeni.

"Mwanangu," akasema, akajirekebisha, "mkuu, naomba karatasi yangu. Ina kosa."

Akaeleza yote, mchanga, uzio, matofali matano. Mkuu alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, kijana akainuka akafunga mlango.

"Mama, nakushukuru. Umetuokoa. Lakini hii karatasi nimeiona mimi na wewe tu. Ichukue, uichane, uniletee nyingine. Kikao nitakisogeza mbele wiki mbili, sababu nitaitafuta. Umebakiza wiki ngapi? Usiondoke na doa la wiki za mwisho."

Maneno yale yalikuwa matamu, na msimulizi asijitie kumsafisha: Mama Rula aliikunja karatasi, akaitia kwapani, akashukuru, akafika nayo mpaka mlangoni. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitasa. Miaka thelathini na moja. Nani angejua? Breki, na Breki hasemi.

Pale mlangoni ndipo alipoikumbuka ile picha ya ndege. Ilikuwa kwenye droo ya tatu, na ingebaki humo.

"Mkuu," akasema, "picha ile haistaafu. Atakuja mchoraji mwingine ataitoa, ataona mstari mweupe na kiwanja kitupu, atafurahi kama nilivyofurahi mimi. Hatanipata wa kumuuliza. Akifungua kabati, akute nimeandika."

Akaenda kuuchukua muhuri mwenyewe, kwa sababu karani wa masjala aligoma kuugonga. Aliugonga kwa nguvu, mara moja. Chini yake akaandika kwa mwandiko wake mzuri: Mstari mweupe si njia ya watu. Ni mkondo wa maji ya mvua. Niliuchora bila kufika. Wachoraji wote walitoka koridoni kuitazama ile karatasi, wakaishika kwa kupokezana kama kichanga, na hakuna aliyecheka. Mmoja alisema kwa sauti ya chini kwamba naye ana mistari myeupe kadhaa ambayo sasa haiamini. Mama Rula akasikia mwili mwepesi, jambo ambalo hakulitegemea hata kidogo.

Ila fomu ya marekebisho ina sehemu ya aliyetoa taarifa, na sehemu hiyo husainiwa na mwenyewe, mbele ya karani. Fundi cherehani alikuja Jumatatu iliyofuata, akasaini, akaondoka na oda ya kutengeneza sare za wahudumu wa ofisi. Breki alikuja kesho yake kwa shati la kufuliwa. Uani pale alishaleta mizigo mara zisizo na idadi, lakini ngazi za ghorofani hakuwahi kuzipanda tangu siku ya yale makabati matatu.

"Utaalamu?" karani akauliza, kalamu mkononi.

"Kuvuta mkokoteni."

"Huo ni utaalamu?"

"Jaribu mteremko wa bohari na mifuko kumi, kisha uniulize."

Karani akaandika. "Uzoefu?"

"Miaka thelathini na miwili."

Karani akamtupia Mama Rula jicho juu ya miwani. "Amekuzidi mwaka, mama."

"Kaanza mapema kuzunguka," Mama Rula akajibu.

Akampeleka mumewe kwenye meza yake, akamwonyesha karatasi mpya. Ilikuwa imebakiza siku mbili kukamilika. Zahanati sasa ilikaa juu ya machimbo, karibu na magauni ya kutanuliwa. Ule mstari mweupe ulikuwa wa buluu, na pembeni yake maneno: mkondo wa maji, pasijengwe. Na njia ya kufikia zahanati ilikuwa ile ya Breki, yenye kuzunguka mita mia nne, imepanuliwa kidogo, bila ngazi hata moja, ili anayesukumwa kwenye kiti cha magurudumu apande na anayebebwa kwenye machela asimiminike.

"Nioneshe mimi niko wapi," Breki akasema.

Akakishika kidole chake, kigumu kama kuni, akakiweka barabarani. "Anzia hapa. Nenda."

Kidole kikaanza kwenda. Hakikwenda kama vidole vya wakuu, vinavyoruka kutoka mwanzo hadi mwisho. Kilikwenda polepole, kikapunguza mwendo kwenye mteremko, kikapita kona ya kwanza kwa kujivuta upande wa nje. Mama Rula alikitazama akagundua kwamba mtu huyu anayesema hajui kusoma ramani alikuwa anaisoma kuliko mtu yeyote aliyewahi kusimama mbele ya meza ile. Kisha, katikati ya kilima, mahali ambapo hapakuwa na nyumba wala kona wala alama yoyote, kidole kikasimama. Kikakaa.

"Mbona umesimama?"

"Hapa huwa nakaa kidogo," Breki akasema. "Magoti hayanisikilizi siku hizi. Nakalia ukingo wa mkokoteni mpaka yakubali."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa tatu huu."

Miaka mitatu. Alimpokea kila jioni, akampa maji, akamuuliza habari za kutwa, akaambiwa njema. Hakuambiwa neno la magoti. Alimtazama usoni, naye Breki alikuwa anaitazama ramani, kidole bado kipo palepale kilimani, kikipumzika.

Mama Rula akachukua penseli. Akasogeza kidole cha mumewe taratibu, na pale kilipokuwa akaweka alama ndogo, isiyozidi punje. Akahamia pembeni mwa karatasi, kwenye orodha ya alama, akaandika: benchi.

"La watu wangapi?" akauliza. Kamasi zilikuwa zinamtoka, akazifuta kwa kiganja, asije akaharibu wino.

Breki akafikiri. "Weka la wawili," akasema. "Mwezi ujao unastaafu, utakuwa unanisindikiza."

Akaandika hivyo.